Mlihesabu Mbuzi, Hamkuhesabu Usingizi

Tumechoka kuhesabiwa. Kila maji yakishuka huja kijana wa ofisini na fomu zake, akakaa chini ya mwembe uliosalia, akatuita mmoja mmoja. Nyumba ya udongo au ya mawe? Imeanguka yote au upande? Mahindi ekari ngapi? Migomba? Mbuzi wangapi, kuku wangapi? Choo kimebomoka? Tunajibu, anaandika. Mara ya mwisho mama mmoja alimaliza kujibu lakini hakuinuka. Akasema ana mtoto wa gredi ya saba ambaye tangu maji yawaingilie usiku wakiwa wamelala, halali tena kitandani. Kila jioni, mawingu yawepo yasiwepo, huchukua mkoba wake wa shule, akapanda juu ya meza, akakodolea mlango mpaka adhana ya alfajiri. Huyo ataandikwa wapi? Yule kijana, wala si mtu mbaya, alifunua kurasa mbele na nyuma, mwisho akamwandika pembeni, penye "mengineyo".

Huyo aliyeandikwa pembeni ndiye anayetutoa maneno leo.

Sisi ni watu wa Mto Tana, upande wa chini: Madogo, Bura, Hola, Garsen, hadi Kipini mto unakoingia baharini. Kati yetu kuna wakulima na kuna wafugaji, na anayetujua anajua kwamba hatukai mkeka mmoja kila siku. Damu iliyomwagika kati yetu mwaka 2012 haijasahaulika. Lakini kwa hili la watoto tumeungana, maana halimchagui mwenye shamba wala mwenye zizi.

Tuanze na ukame. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ilikosa mvua, mmoja baada ya mwingine. Nchi nzima ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Hesabu hiyo imetajwa kwenye mikutano, imeombewa fedha, imelipwa kidogo. Lakini mzee akifiwa na ng'ombe amepoteza mali. Kijana wa miaka kumi na saba aliyekuwa akiwachunga amepoteza kazi, mahari na nafasi yake mbele ya rika lake, na hakuna aliyempa pole. Vijana hao tunao. Leo wanaendesha bodaboda za watu pale Minjila na Garsen, mchana wanakimbiza abiria, usiku hawalali. Ukimuuliza mmoja wao kilichompata atasema, "Hamna, ni mawazo tu." Tumelisikia jibu hilo mpaka linatutia hofu.

Kisha mvua ikaja. Novemba 2023 tulipata yale maji tuliyoyaomba miaka miwili, yakatutoa majumbani. Tukarudi, tukasimamisha kuta, tukapanda tena. Machi hadi Mei 2024 yakaja mengine. Karibu watu 300 walikufa nchini, na mkasa wa maji yaliyosomba watu Kamuchiri karibu na Mai Mahiu, ule wa alfajiri ya 29 Aprili, kila Mkenya aliuona kwenye simu yake. Watoto wetu waliuona wakiwa kambini, chini ya turubai, nguo hazijakauka.

Mtu wa mbali huenda akadhani mtoto wetu anaogopa mvua. Aelewe kwamba kwetu maji huja hata jua linapowaka. Mvua inanyesha Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, inajaza mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na yakishafurika, kinachozidi kinateremka kwetu siku kadhaa baadaye. Mtoto anacheza kwenye vumbi ilhali gharika iko njiani. Basi yule wa juu ya meza tusimwite mgonjwa haraka. Ameshajua kwamba mbingu hazimpi habari, na waliopaswa kumpa habari hawampi kwa wakati.

Hapo ndipo tunapoibebesha serikali mzigo wake. Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba El Nino iliyokuwa imetabiriwa haitakuwepo, kwamba wataalamu wamesema itakuwa mvua kubwa tu. Waliokuwa wamehamisha vitanda wakavirudisha. Mwezi uliofuata tulikuwa kwenye paa na kwenye mitumbwi, na kabla ya mwaka kwisha waliokufa nchini walikuwa wamepita 100. Mtu mzima hukasirika, akatukana, akasahau. Mtoto huliweka moyoni: kumbe hata mkubwa wa wakubwa akisema hakuna maji, maji huja. Toka hapo utamtuliza kwa neno la nani?

Wataalamu wa ng'ambo wamelipima jambo hili. Mwaka 2021 watafiti waliwauliza vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 katika nchi 10, na Afrika ikiwakilishwa na Nigeria peke yake. Asilimia 59 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa mno juu ya mabadiliko ya tabianchi. Zaidi ya asilimia 45 walisema hisia hizo zinawavurugia maisha ya kila siku: kula, kulala, kusoma. Na wasiwasi huo ulikwenda sambamba na imani kwamba serikali zao zimewasaliti. Sisi hatukuulizwa, lakini tungejibu hivyo hivyo. Joto na maji vinaumiza, ila kinachokaa zaidi ni kujua kwamba aliyepewa dhamana hayuko pamoja nawe.

Sasa mtuambie sheria hazipo. Zipo! Katiba ya 2010 inatupa haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42 na haki ya afya ya kiwango cha juu katika kifungu cha 43. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ni ya 2016, na baraza lake la kitaifa linaongozwa na Rais mwenyewe. Kwa upande wa akili, jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilitoa ripoti mwaka 2020 na kupendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ikarekebishwa, kaunti zikapewa wajibu wa kutoa huduma hizo karibu na wananchi. Makaratasi tunayo ya kutosha kujenga tuta la kuzuia mto.

Kasoro ni kwamba sheria ya hewa iko jengo moja na sheria ya akili iko jengo jingine, na kati ya majengo hayo hakuna hata kijia. Wa mazingira anakuja na miche. Wa afya anakuja na vyandarua na dawa ya kuhara. Wa maafa anakuja na magodoro, unga na maharagwe. Kila mmoja anamaliza kazi yake, anapiga picha, anapanda gari. Mtoto asiyelala ni wa nani kati yao? Na hili si la Kenya peke yake. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba kati ya nchi 95 zilizoulizwa, ni 9 tu zilizokuwa zimeingiza afya ya akili katika mipango yao ya afya na tabianchi. Lakini uzembe wa wengi haujawahi kuwa udhuru.

Wala msituambie sheria huchukua muda. Septemba 2023, dunia ilipokuwa inakuja Nairobi kwa mkutano wa Afrika wa tabianchi, sheria ile ya 2016 ilirekebishwa na kutiwa sahihi siku chache tu kabla ya wageni kuketi, ili biashara ya kaboni ipate kanuni zake. Tulishangaa jinsi mambo yanavyoweza kwenda mbio. Kumbe palipo na mnunuzi, kalamu haikosi wino. Linganisheni na kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, tulichoachiwa na mkoloni, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Bunge baada ya bunge lilikipita, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Miaka yote hiyo, mama aliyemkuta mwanawe katika hali hiyo hakuthubutu kumwita chifu. Chifu angekuja na polisi. Wengi wa kwetu hawajasikia hata sasa kwamba kifungu kimeanguka, kwa sababu hakuna aliyeitisha baraza kuwaambia.

Tutelemke mpaka kijijini, tuone huduma yenyewe. Tangu Septemba 2023 serikali ina wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, na wetu tunawapenda, ni dada zetu na shemeji zetu. Mmoja wao alitufungulia begi lake. Kipimo cha shinikizo la damu, kimo. Kipimo cha sukari, kimo. Kipimajoto, mizani ya mtoto, simu ya kuingizia majibu, vyote vimo. Tukamuuliza akikuta kijana haongei wiki ya tatu afanye nini. Akasema humshauri mama ampeleke hospitali. Hospitali ipi? Daktari wa magonjwa ya akili hayuko hapa kwetu. Atamwandikia rufaa ya Port Reitz, Mombasa, zaidi ya kilomita 200 kutoka Garsen, kwa basi ambalo mafuriko yakikata barabara haliendi kokote. Na nauli ni ya watu wawili kwenda na kurudi, kwa familia iliyokwisha kuandikisha mbuzi waliokufa na haijalipwa.

Shuleni hali ni ileile. Kila shule ina mwalimu wa ushauri nasaha, kwa jina. Mwalimu huyo ana vipindi vya hisabati na sayansi kama wenzake, anasimamia nidhamu, na ofisi ya ushauri ni stoo ya vitabu. Mwaka 2024 kufunguliwa kwa shule kuliahirishwa, kukaahirishwa tena, mpaka 13 Mei, na hata siku hiyo baadhi ya madarasa yetu yalikuwa bado ni makao ya watu. Watoto walirudi wakaketi katika vyumba walimolala na bibi zao. Hakuna aliyewaambia neno. Silabasi iliendelea pale ilipoachwa na mtihani wa taifa haukumngoja mtu. Mwalimu mmoja alituambia kwamba mvua ikianza kugonga mabati, darasa zima linaacha kuandika na kumwangalia yeye usoni, kuona kama anaogopa. "Najikaza," alisema. "Na mimi nyumba yangu ilikwenda."

Ukiuliza habari za vijana hawa utasikia kelele za muguka, yale majani ya kutafuna yanayomkosesha mtu usingizi. Kila mheshimiwa akija Pwani huwalaumu vijana kwa kutafuna. Mei 2024, mwezi uleule tukiwa kambini, gavana wa Mombasa alipiga muguka marufuku, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, na serikali ya kitaifa ikasema amri hizo hazina nguvu kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria. Wakavutana kwa majuma, mmoja akitetea vijana, mwingine akitetea wakulima wa Embu. Sisi wazazi hatuupendi muguka, umetuharibia nyumba. Lakini katika mvutano wote ule hatukumsikia mkubwa hata mmoja akiuliza kijana anatafuna kwa nini. Asiyetaka kulala kwa kuogopa maji hutafuta kitu cha kumfanya akeshe. Asiyetaka kukumbuka mizoga ya ng'ombe wa babake hutafuta kitu cha kumsahaulisha. Wamejiandikia dawa wenyewe kwa sababu zahanati haikuwaandikia. Pigeni marufuku mkitaka, lakini jioni hiyohiyo mtuambie kijana aende wapi.

Na miti! Tumepanda miti. Serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tukapewa sikukuu ya taifa, 13 Novemba 2023, tupande milioni 100 kwa siku moja. Wakati Nairobi wanachimba mashimo, sisi tulikuwa tunatafuta ardhi kavu ya kusimama. Mei 2024 ikaja sikukuu nyingine, ya kuwaomboleza waliokufa, na humo pia tukaambiwa tupande miti. Hatuna ugomvi na mti. Mwembe unatulisha na mikoko ya Kipini inazuia bahari. Lakini kijana aliyepoteza kila kitu ukimkabidhi mche na kamera, ukaondoka, umemfanya mapambo ya sherehe yako. Kazi ya kulipwa ya kutunza miche hiyo mpaka ikue ingemtuliza akili kuliko hotuba kumi.

Kwenye wadi nako kuna kamati za tabianchi na kuna mfuko wa fedha za kazi hiyo. Hatukatai kwamba yapo mema yaliyofanyika. Lakini kamati ikikaa, kinachopita ni kisima, bwawa la kunyweshea ng'ombe, uzio. Ni vitu vya lazima, na pia ni vitu vya kuzinduliwa kwa utepe. Kijana akisimama kusema tulipe washauri wawili wa wadi, wazee hucheka: hilo tutalizinduaje? Katika mazungumzo ya tabianchi ya Umoja wa Mataifa kuna fungu zima la hasara zisizo za kiuchumi, na afya imo ndani yake. Wajumbe wetu wanakwenda huko kuomba fidia kwa niaba yetu. Watalipwaje kwa kitu ambacho nyumbani hakikuandikwa popote?

Wapo wanaotucheka, na wengine ni wazee wetu. Wanasema wao waliona gharika ya 1961 na El Nino ya 1997 na hakuna aliyepelekwa kwa mshauri, watoto wa siku hizi ni laini. Ni kweli waliona. Lakini waulizeni vizuri, watawaambia pia kwamba zamani mto ulikuwa na nyakati zake, mara mbili kwa mwaka, na maji yakishuka yaliacha tope jeusi ambalo mpunga na ndizi zilishika bila mbolea. Mtoto alijua gharika ikipita kuna shibe. Tangu Kindaruma la 1968 hadi Kiambere la 1988 mabwawa yamejengwa juu yetu, tope linabaki huko, na umeme unakwenda mijini. Tukajumlishia mvua zisizo na msimamo za miaka hii. Mtoto wa leo anabeba gharika ya babu yake bila shibe yake. Na tukisema ukweli, hao mababu hawakupona wote. Kila kijiji kina mzee ambaye tangu mwaka fulani hakuwa yule yule, na tulimwita kichaa kwa sababu hatukuwa na la kumfanyia.

Basi tusikieni tunachotaka, maana kulalamika bila kutaja ni kupiga soga.

Kwanza, mtoto awekewe mstari wake kwenye fomu ya hasara: analala, anakula, anaongea, anakwenda shule? Jibu likiwa hapana, zahanati ipate jina lake wiki hiyohiyo, kama inavyopata jina la mwenye kipindupindu.

Pili, ilani ya maji itolewe mapema na itolewe kwa ukweli, kwa Kipokomo, Kiorma na Kiswahili, kwenye redio, msikitini, kanisani na kwa kipaza sauti cha chifu: bwawa limefika wapi, maji yatafika lini, watu wakimbilie wapi. Utabiri ukibadilika, aliyeubadilisha aje atueleze mwenyewe badala ya mwanasiasa. Kwa watoto wetu hiyo ndiyo dawa ya kwanza, na haihitaji daktari.

Tatu, kila shule iliyogeuzwa kambi ipunguziwe vipindi vya mwalimu mmoja ili awe wa ushauri kwa kweli, naye afundishwe kazi hiyo. Na wale vijana wetu waliosomea ushauri nasaha wakarudi kuuza maji ya chupa stendi waajiriwe kwenye wadi, walipwe mshahara. Tumechoka na kujitolea kwa watu wasio na kitu.

Nne, kamati ya tabianchi ya wadi iwe na vijana waliochaguliwa na vijana wenzao. Mpwa wa diwani hatumtaki. Na fungu la mfuko huo litengwe kwa afya ya akili, liandikwe kwa herufi kubwa kila mtu alione.

Bajeti ya kaunti hupitishwa kabla ya 30 Juni, na kabla ya hapo sheria inawalazimu kutuita kutoa maoni. Miaka iliyopita tulikwenda wachache, tukanywa soda, tukapiga kura ya kisima. Safari hii wakulima watakuja, wafugaji watakuja, na tutakuja na watoto wenyewe waseme kwa vinywa vyao. Andaeni viti.